Mama wa Kwenye Programu Si Mke Wangu

Manyatta, Kisumu
Jumanne

Kwa Bwana Griffin,
Mwenyekiti, Kamati ya Mazishi ya Marehemu Dorca Ajwang.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu za mfiwa. Mimi ni Dishon Ooko, mume wa marehemu, yule mnayemwambia kila jioni akae tu kwenye kiti asijisumbue. Nimekaa. Lakini jana mjukuu wangu Sheryl alinisomea programu ya mazishi, ambayo inakwenda kuchapishwa Alhamisi, nikaona nisimame kidogo.

Kamati iliamua wasifu uandikwe kwa Kiingereza kwa sababu kuna wageni wa Nairobi. Sikupinga, ingawa wengi watakaokaa chini ya hema kule nyumbani Katito, tutakakomzika, watausikiliza kama mvua juu ya mabati. Nilimweleza Mwalimu Waliaula maisha ya mke wangu kwa Kiswahili. Akayaandika kwa Kiingereza, kisha akayasafisha. Ni huko kusafisha ninakolalamikia. Mimi niliishia darasa la saba, lakini Sheryl ana kamusi.

1. Nilisema mke wangu alikuwa mnene. Mwalimu aliandika "fat", akalikata, akaweka "healthy". Nilimuuliza Sheryl kama maneno hayo ni ndugu. Akasema ni majirani tu. Hilo la pili ni mtu mwenye afya. Bwana Mwenyekiti, kama alikuwa na afya, Jumamosi tunamzika kwa nini? Isitoshe, unene haukumwaibisha. Akishuka kwenye boda boda alimwambia dereva, "Pole baba, leo umebeba mama na nusu."

2. Nilisema alikuwa mkaidi. "Stubborn" ilikatwa, ikawekwa "determined". Kamusi inasema huyo wa pili ni mtu aliyeazimia kufika mahali. Wangu aliazimia kutoondoka. Nyumba yetu ilivuja miaka mitatu, nikamwomba tuhamie Nyalenda kwa binamu yangu. Akasogeza sufuria chini ya tundu, akasema, "Mwambie paa lihame, mimi nilitangulia kufika."

3. Imeandikwa kwamba "home" yetu ni Manyatta. Hapa Manyatta tuna "house", vyumba viwili vya kupanga. Mwalimu ni mtu wa Bungoma na hata kwao wanaijua tofauti. Nyumba ni pale unapolala. Nyumbani ni pale unapozikwa. Kwa karatasi hiyo, gari la maiti lisivuke hata mzunguko wa barabara, na kaburi lichimbwe mlangoni kwa mwenye nyumba, ambaye hata kamba ya kuanikia nguo alitukataza.

4. Hili ndilo lililoniuma. Nilisema tuligombana. Programu inasema tulikuwa na "discussions", yaani tulijadiliana. Jamani, miaka thelathini na mmoja! Tuligombana kwa sababu ya chumvi, redio, na jinsi ninavyokunja shati. Mtu akijadiliana na mwenzake wanafikia uamuzi. Sisi hatukuwahi kufikia chochote. Alikuwa akirudi kutoka kwenye kikaango chake cha mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta iliyotolewa minofu, aliyowauzia watu wa mtaa, akaniwekea kichwa cha samaki kwenye sahani, kisha akanipa mgongo. Ndipo nilipojua ugomvi umekwisha. Sasa hicho kichwa cha samaki mtakiweka wapi kwenye majadiliano?

Kwa sababu hizo nne, nimefikia kuamini kwamba mnamzika mtu mwingine. Kuna mama mwenye afya, mwenye azimio, mpole wa majadiliano, ambaye kwao ni Manyatta. Simjui, na ninasikitika kwamba amefariki. Naomba kwa heshima kamati ifanye haya:

Kwanza, itafute jamaa zake, maana huenda hawajapata habari.

Pili, apangiwe siku yake, hema lake na kwaya yake. Gunia moja la mchele halitoshi misiba miwili.

Tatu, ikiwa mmeshazoea kumlilia, endeleeni naye Jumamosi. Mimi nitakuja nyuma na wangu, taratibu, kwa sababu ni mzito.

Usinione mkorofi. Picha zake ninazo mbili tu, na katika moja amefumba macho. Karatasi hiyo ndiyo wajukuu watakayoiweka ndani ya Biblia. Baada ya miaka kumi nitakuwa nimezeeka, nitaomba nisomewe, na ninaogopa kwamba nitaamini. Rudisheni maneno yangu manne kabla ya Alhamisi. Sitaomba kingine.

Wasalimie wanakamati wote, wapishi, na mama wa jirani aliyeleta uji. Msalimie Mwalimu Waliaula. Mkono wake wa kuandika ni mzuri, sina ubaya naye.

Ni mimi, mume wa mnene yule,
Dishon Ooko.

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikamwomba Sheryl anisomee tena mstari wa kwanza kabisa. Hapo Mwalimu hakusafisha kitu. Ameandika "died", basi, kama mtu anayefunga mlango. Sheryl anasema yapo mengine: kuna "rested", kuna "passed on", na kanisani wanalo moja la kupandishwa utukufuni. Tafadhali mwombe Mwalimu achague lililo laini kuliko yote. Kama anaona yale manne aliyoyasafisha yanapatana nalo zaidi yalivyo, ayaache tu. Tofauti yake asinieleze.