Jinsi Dole Gumba la Mjomba Svetozar Lilivyopita Chini ya Kidole cha Kati

Sogeeni, enyi wa karibu na enyi wa mbali! Wekeni chini visu na hizo pilipili hoho mnazomenya, mtoto apewe ziwa anyamaze, redio izimwe, maana habari hii haisikilizwi huku mtu akichungulia sufuria. Ni habari ya vita vya Niš, mji wa Serbia. Si vile vya mizinga na farasi, ambavyo vimekwisha kuandikwa vya kutosha, bali vile vilivyopiganwa juu ya vibao vinane vyeupe vya piano, ambako dole gumba moja lilisimama katikati ya njia, baina ya mwanamke na udaktari wake.

Mwanamke huyo ni Radmila binti Stojan, wa mji jirani wa Leskovac, Radmila wa vidole visivyolala, aliyeitaka shahada ya uzamivu ya kufundisha piano. Na shahada hiyo, jamani, haitolewi kama kikombe cha kahawa kwa mgeni. Ni ngome nyuma ya ngome. Alipiga piano mbele ya halaiki, jioni nzima, pasipo karatasi mbele yake, akashuka jukwaani. Akahutubu huku akipiga, kinywa kikidai na mikono ikithibitisha. Akafungiwa chumbani na maswali ya historia ya muziki, tangu zama za nyuzi za utumbo wa kondoo, akatoka mzima ila amekonda. Akatahiniwa Kijerumani, akakipita kwa kukwaruzwa tu. Kisha akaandika tasnifu nene ya kuzuilia mlango, na tasnifu yote, ukiikamua, ilitoa tone moja: mwanafunzi hufundishwa kwa sifa tupu, na neno la kumvunja moyo lisitoke kinywani mwa mwalimu hata kwa bahati mbaya.

Ikabaki ngome ya mwisho. Sharti lilikuwa hili: mbele ya jopo la maprofesa, Radmila amfundishe mtu mzima asiyepata kugusa piano maishani mwake, kwa njia ile ile ya tasnifu, hata mtu huyo apande ngazi ya sauti kwa mkono mmoja, toka do mpaka do ya juu, bila kukwama. Akishindwa, tasnifu ingerudi Leskovac pamoja na mwenyewe, na miaka yake yote ingekuwa moshi.

Naye mwanafunzi aliyeandaliwa, karani mmoja wa benki, alikaa ndani ya basi baina ya madirisha mawili yaliyo wazi, akaamka shingo imekakamaa kama mti. Radmila alipoleta habari hiyo, hakuna profesa aliyehoji, kwa kuwa, kwa imani ya nchi ile, upepo wa namna hiyo umekwisha kuwalaza watu wakubwa kuliko karani. Tena Profesa Zagorka, mwenyekiti, mwenye sauti ya kengele, aliinuka mwenyewe akafunga dirisha. Ila siku ni siku, akasema. Alete mtu mwingine sasa hivi.

Katika korido alikuwapo mjomba wake Svetozar, kaka wa mama yake, simba wa pilipili hoho, aliyemleta kwa gari na kuketi na mitungi yake ya ajvari, ile rojo ya pilipili za kuchoma, akisubiri kuwagawia maprofesa baada ya ushindi. Hakupata kugusa piano. Akashikwa mkono, akaketishwa.

Do ikalia. Re ikalia. Mi ikalia tamu. Hapo ndipo dole gumba linapopaswa kuinama na kupita chini ya kidole cha kati ili kuikamata fa. Lakini dole gumba la Svetozar, nene kama kizibo cha pipa, lilifika pale likagoma, kiwiko kikapaa kama bawa la bata mzinga, na vibao viwili vikapiga kelele kwa pamoja.

Radmila akakisifu kiwiko kwa uchangamfu wake. Akalisifu gumba kwa nguvu zake. Na kadiri alivyosifu, ndivyo mjomba alivyolegea. Akaegemea nyuma, akalieleza jopo kwamba hata jeshini walimwambia ana sikio la muziki, kisha akakosea na mi. Profesa Tihomir, mwenye kalamu isiyo na huruma, akaanza kuandika. Zagorka akatazama saa.

Na Radmila alijua dawa. Alimjua mjomba wake na ile inda ya watu wa kwao: mtu huyu alijenga lango linalofungukia ukutani kwa sababu tu jirani alimwambia haliwezekani. Neno moja, "huwezi," na gumba lingeruka. Lakini neno hilo ndilo upanga ambao tasnifu yake ilikuwa imeuzika. Akiuchomoa, ameichinja kazi yake mwenyewe mbele ya mashahidi.

Akavuta pumzi, shujaa yule, akatabasamu.

"Mjomba, umefanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Pumzika sasa. Nitampigia simu mzee Miladin aje amalizie."

Svetozar hakugeuka. "Miladin yupi?"

"Jirani yako. Ana mkono mwepesi, mzee yule."

"Miladin anaunguza pilipili."

"Ni mtu mvumilivu, Mjomba. Na dole gumba lake jembamba, lina adabu."

Svetozar akakunja mkono wa shati hadi kiwikoni.

"Profesa," mjomba akasema polepole, "mwambie huyu binti akae chini."

Oneni sasa! Do, re, mi, na dole gumba likainama, likazama chini ya kidole cha kati kama mbuzi apitaye chini ya uzio wa bustani ya watu, likaikamata fa shingoni. Sol ikaanguka, la ikaanguka, ti ikasalimu amri, na do ya juu ikalia hata kioo cha dirisha kikaitikia. Akashuka. Akapanda tena. Ikabidi ashikwe bega ili aache.

Tihomir akapinga: hayo si mafunzo, ni uchokozi. Zagorka akamtaka ataje neno moja baya lililosemwa. Akapekua maandishi yake. Akakuta vizuri, mwepesi, mvumilivu, adabu.

"Kila neno lilikuwa sifa," Radmila akasema kwa unyenyekevu. "Tasnifu haisemi asifiwe nani."

Zagorka alicheka hata miwani ikamwanguka, akatia sahihi.

Basi na iandikwe katika tarehe za mataifa kwamba siku hiyo fa ilitekwa, na Leskovac ikapata daktari wa piano. Habari zilipomfikia Miladin, alisema kupitisha dole gumba si kazi ya kujivunia, na Jumatatu akabisha mlangoni kwa Dokta Radmila, amenyoa, amevaa koti la harusini. Dokta akamkalisha, akamwekea mkono juu ya vibao, akaanza, kwa upole wote wa tasnifu, kumsifu Svetozar.