Hotuba Iliyomaliza Bando

Kwanza kilisikika kikohozi. Kilitoka kwenye spika za ukumbi kabla mtu yeyote hajaonekana jukwaani, kikakwaruza, kikapiga mluzi, na walimu wote wakanyamaza. Ndipo pazia likafunguka, na mwenye kikohozi, yaani Mkurugenzi wetu, akatangaza kuzaliwa kwa Kitengo cha Kuwasaidia Walimu Kutengeneza Tovuti za Madarasa kwa Maadili na Ufanisi.

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mimi ndiye Afisa Mwandamizi wa Ridhaa katika kitengo hicho, na kuanzisha makofi kumo katika majukumu yangu.

Kabla yetu, walimu walikuwa wanajitengenezea tovuti ovyo ovyo. Mwalimu anapiga picha ubao, anarekodi sauti yake akifafanua hesabu, anaweka mtandaoni. Mtoto aliyekosa shule anafungua, anaelewa, basi. Hakuna kamati. Hakuna kaulimbiu. Mtoto anaelewa tu, kienyeji.

Sisi tukaleta utaratibu. Kwa upande wa maadili, tuliamua kwamba sura ya mtu haiwekwi kwenye tovuti ya darasa mpaka mzazi wake aje ofisini, aone kinachowekwa, kisha atoe ridhaa kwa kinywa chake. Kwa upande wa ufanisi, tuliamua kwamba kila tovuti ifunguke kwa video ya hotuba ya Mkurugenzi, na somo lisionekane mpaka hotuba iishe. Hotuba niliiandika mimi. Ina utangulizi, shukrani, utangulizi wa pili, na mtazamo wa Mkurugenzi kuhusu nidhamu, akiwa amevaa suti tofauti kwa kila sehemu.

"Na watu wazima je?" aliuliza mwalimu mmoja siku ile ya uzinduzi. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. "Nao waje na wazazi?"

"Maadili hayaangalii ndevu wala mvi," Mkurugenzi akajibu. "Hata mimi sijitoi!"

Makofi. Nilianza mimi.

Kitengo kikafanya kazi nzuri mno. Kwaya nzima ya shule moja tuliiondoa mtandaoni kwa sababu mzazi wa mwimbaji mmoja alikuwa safarini. Kisha tukaitisha kikao cha tathmini, walimu wakuu wa shule zote wakiwa wamekaa, chai imemiminwa, ndipo yule mwalimu wa darasa la nne akaingia bila kuitwa.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Una miadi?"

"Nina mwanafunzi."

Akaeleza. Mwanafunzi wake, msichana wanayemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupoi, alikuwa amevunjika mguu. Yuko nyumbani, kitandani, plasta mpaka kwenye paja. Mtihani wa kupandia darasa la tano ni wiki ijayo na ataletewa kitandani. Akishindwa, anaurudia mwaka. Alikuwa anasoma kupitia tovuti ya darasa, kwa simu ya mama yake, fundi cherehani, ambaye hujiunga bando dogo la siku.

"Sasa bando linaishia kwenye hotuba yako," mwalimu akasema. "Kila siku. Mtoto anazijua suti zako zote, kugawanya hajui."

"Hotuba yenyewe ni elimu."

"Ameikariri, bosi. Juzi ameniuliza wadau ni mnyama gani."

"Mzazi anunue bando kubwa," nikashauri, kitaalamu.

"Mnunulie wewe."

Pendekezo hilo niliona liwekwe kiporo.

"Hotuba haitoki," Mkurugenzi akasema. "Ikitoka, watoto watajuaje nani anawaletea maendeleo?"

Mwalimu akatazama huku na huku. "Sawa. Basi tufuate utaratibu wenu. Kwenye tovuti yangu kuna sura ya mtu mmoja tu ambaye mzazi wake hajafika hapa kutoa ridhaa."

Chumba kizima kikageukia Mkurugenzi. Mwalimu mkuu mmoja alizama kwenye kikombe chake cha chai mpaka tukaona kisogo tu.

Mkurugenzi alicheka. Alicheka vizuri, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. "Mama yangu yu hai, ni mzima, na ananipenda. Gari liende likamlete! Muone ridhaa inavyotolewa."

Mama yake akaja. Alikuwa mfupi, mchangamfu, mkoba kwapani. Mkurugenzi akasimama, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au ni suti?"

Nikamweleza utaratibu kwa lugha nyepesi ya kiofisi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nikubali sura ya mwanangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Niliikubali tangu wodi ya wazazi. Kuna lingine?"

"Limekwisha!" Mkurugenzi akapiga meza. "Andika, Afisa."

Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Nikasimama na kusema kwamba, kwa mujibu wa mwongozo, mzazi sharti kwanza aone kinachowekwa. Mkurugenzi alinitazama kwa macho ambayo wakati ule niliyadhania ni ya shukrani.

Mwalimu akatoa simu yake, akajiunga bando dogo kama lile la mama yake Chiriku, akafungua tovuti. Mama wa Mkurugenzi akaishika mkononi. Utangulizi ukapita. Shukrani zikapita.

"Hesabu ziko wapi?"

"Zinakuja, Mama," nikasema.

Utangulizi wa pili. Suti ya buluu.

"Na huyo mtoto mgonjwa ndivyo anavyosubiri hivi?"

"Ndivyo, Mama," mwalimu akasema. "Mguu uko juu ya mto."

Mkurugenzi wa kwenye simu alikuwa ndio kwanza anainua kidole kuhusu nidhamu, akaganda, mdomo wazi. Bando limekwisha.

Mama akaiweka simu mezani, polepole. "Ulikuwa hivihivi," akamwambia mwanawe. "Dada zako wakikaa kusoma, wewe unakuja kusimama mbele ya taa. Nikikwambia toka, unasema wakuangalie wewe kwanza."

"Mama, jamani, mbele za watu…"

"Ndiyo, mbele za watu. Si ndiko unakokupenda?"

Walimu wakuu hawakujificha tena kwenye vikombe. Walicheka waziwazi, kwa ufanisi mkubwa.

"Afisa," Mama akasema.

"Naam, Mama."

"Sikubali."

Mwongozo uko wazi, na niliuandika kwa mkono wangu: ridhaa ikikataliwa, sura inaondolewa kwenye tovuti zote siku hiyohiyo. Nikampigia fundi mitambo. Akaniuliza mara mbili kama nimelewa.

Mama alikuwa bado hajaondoka. Akatoa simu yake kwenye mkoba, akampa mwalimu. "Mpigie huyo mtoto. Weka sauti kubwa."

"Haloo?" Sauti nyembamba ikajaza chumba. "Mwalimu! Nimekujua kwa unavyohema. Hesabu zimerudi?"

"Chiriku, tulia. Kuna mtu anataka kuzungumza nawe. Mkurugenzi."

"Yule babu mla-bando?"

Niliinua mikono kuanzisha makofi, kwa mazoea, nikairudisha chini.

"Msemeshe," Mama akamwambia mwanawe. "Mwahidi. Kwa sauti, asikie."

Mkurugenzi akanigeukia nimpe karatasi. Sikuwa nimemwandikia kitu. Akainama juu ya ile simu ndogo, suti ikimbana mabegani.

"Mwanangu," akasema, "nakuahidi. Leo jioni ukifungua, utamkuta mwalimu wako na hesabu zako. Mimi hutanikuta."