Diski Mbili, Kasi Mara Mbili

Jumamosi, 4 Mei

Nimeunda kompyuta! Kwa mikono hii hii. Skrubu tatu zimebaki, nadhani kiwandani walizidisha. Shemeji, kaka wa mke wangu, alinunua yake dukani ikiwa tayari, na kila akija anajitapa kwamba inawaka kwa sekunde ishirini. Yangu itamfunga mdomo.

Zimebaki diski tu. Ninazo mbili: moja mpya, nyingine ilishatumika, nimeipata kwa fundi.

Jumapili, 5 Mei

Fundi anasema kuna njia mbili. Ama kila faili liwekwe kwenye diski zote mbili, moja ikifa nyingine ibaki nalo. Ama diski ziunganishwe, faili likatwe nusu huku nusu kule, kasi iwe mara mbili; lakini moja ikifa, kwaheri vyote. Ameshauri ya kwanza. Mwoga! Nani ajenge vyumba viwili kisha kimoja akifunge? Nimechagua kasi.

Mke wangu ameuliza jambo moja tu: je, sauti za marehemu mama yake zitakuwa salama? Ni jumbe za miaka mitatu, ziko kwenye simu yake ya zamani inayokaribia kukata roho. Nimemwambia aondoe shaka. Amenitazama, akaingia chumbani na simu, akatoka baada ya nusu saa na kunikabidhi. Sauti zote nimezihamishia kwenye kompyuta yangu.

Jumanne, 7 Mei

Sekunde kumi na moja! Shemeji amepima mara tatu kwa saa yake mwenyewe. Amenywea. Ameuliza tu ule mlio wa tik-tik ni wa nini. Nimemjibu ni diski inachapa kazi. Yake iko kimya kwa sababu ni mvivu. Sijaona siku tamu hivi tangu nioe kwao.

Alhamisi, 9 Mei

Mlio umekoma. Kompyuta nayo imekoma.

Fundi anasema diski ya zamani imekufa na nusu ya kila faili. Nimeuliza kama nusu iliyobaki inaweza kusikilizwa. Ameniuliza kama nimewahi kuvaa nusu ya suruali.

Simu ya zamani nayo haiwaki tena tangu jana. Nimekaa sakafuni kando ya kasha. Mama mkwe aliniita mwanangu hata siku nilipomharibia jiko nikilitengeneza. Nimeona aibu kweli. Nimemwambia mke wangu yote, macho chini.

Hakulia. Amesema Jumapili ile, kabla ya kunipa simu, alimtumia kaka yake sauti zote. Ziko kwenye kompyuta yake ile ya dukani.

Ijumaa, 10 Mei

Nimetafakari. Huu ni ushindi! Kumbe mpango wangu ulikuwa na diski ya tatu, na shemeji ndiye mtunza ghala wangu. Tumekwenda kwake kusikiliza. Mama mkwe ameanza kwa kuuliza kama nimekula. Mke wangu amecheka huku akilia. Mimi pia, kidogo.

Jumapili, 12 Mei

Nimepata kwa fundi diski mbili nyingine, zimetumika kidogo tu. Pamoja na ile mpya, ni tatu. Nitaziunganisha zote. Kasi mara tatu! Moja inalia tik-tik, dalili nzuri.

Nimemweleza mke wangu. Amesema ni wazo zuri sana, kisha papo hapo akampigia kaka yake. Bila shaka anamtambia.