Ndege Ishirini na Nusu

Jumatatu, 12 Januari
Nimepata kazi! Karibu nipate. Kinamasi cha nyuma ya gereji ya mabasi kinatafuta karani. Mama Msimamizi kasema mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu, tuhesabu ndege wageni, wale waliokimbia baridi kwao, kila mtu kivyake. Atakayehesabu vizuri anaajiriwa Ijumaa. Shemeji kaja na darubini. Mimi na akili zangu. Naitaka kazi hii! Nimechoka mke wangu kunitambulisha kwa watu: huyu mume wangu, bado anatafuta.

Jumanne, 13 Januari
Bata thelathini. Safi. Ghafla, kumi na wawili hawana vichwa! Mikia tu juu ya maji. Nikakimbia kupeleka taarifa ya msiba. Mama Msimamizi akasema wanakula, vichwa viko chini vinang'oa majani. Nikamwambia nilikuwa nampima tu.
Wengine wanapiga mbizi kabisa. Anazama huku, anaibuka kule. Ni yuleyule au nduguye? Nimeandika kila aliyeibuka. Mia mbili na kumi na wanne! Shemeji kapata kumi na tisa. Masikini, na darubini yote ile.

Jumatano, 14 Januari
Mbinu: kuwavuta upande wangu. Nimemwaga mkate wote wa nyumbani. Wakaja kunguru, na mbwa wa gereji. Wenye midomo mirefu hata kugeuka hawakugeuka, wanachimbua tope tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamekuja nalo mdomoni!
Mke wangu kauliza mkate uko wapi. Nikasema kaka yake alipita.

Alhamisi, 15 Januari
Wenye miguu mirefu wamejazana, shingo hazihesabiki. Nikapata wazo. Hesabu miguu, gawa kwa mbili! Miguu arobaini na mmoja. Ndege ishirini na nusu. Nimerudia mara tatu, nusu haitoki. Nimeiandika. Mimi ni mtu mkweli.

Ijumaa, 16 Januari
Mama Msimamizi akaomba nimwonyeshe hiyo nusu. Kumbe wakishiba husimama kwa mguu mmoja! Shemeji kacheka hadi kashikilia uzio. Kapewa kazi, koti na mabuti. Nimempa hongera. Imeniuma, sifichi.

Jumamosi, 17 Januari
Mke wangu hajanisema. Kaniomba tu nihesabu kuku wake sita kabla ya kufunga banda. Njia yangu ni sahihi, wale ndege ndio wakorofi. Miguu kumi na mmoja.
Nusu kuku kaibwa! Na Shemeji alipita hapa saa kumi. Lile koti lina mifuko mikubwa.