Nisamehewe Mimi Kwanza

Jumatatu, 9 Februari 2026. Migori.

Ujumbe tena kabla ya chai. "Mpendwa Cliff, mkopo wako wa chuo una malimbikizo." Mpendwa! Wanaonipenda namna hii ni wachache, na wote wananidai. Nimeufuta.

Chai nayo ikaja na hotuba. Dada Mellen alisema amevumilia vya kutosha, kochi lake limebonyea pale ninapolalia na wageni wa kanisa wameanza kuuliza maswali. Mumewe, shemeji Oyaro, akadakia. Ni fundi wa kuchomelea, ana karakana karibu na daraja, na mdomo wake una kelele kuliko grinda yake. Amepata kazi kubwa: mageti na madirisha ya shule mpya. Anataka mtu wa kumsaidia. Atanifundisha bure, atanilisha, na kila Ijumaa atanipa kitu kidogo. Nimjibu kufikia Jumapili, maana kazi inaanza Jumatatu ijayo. Nisipotaka, nafasi ni ya mwingine, kochi linaondoka na sebule inakuwa stoo ya vyuma.

Mimi! Shahada ya Biashara! Nishike chuma! Nilimwambia shemeji, kwa heshima zote, kwamba kila mtu ana kiwango chake. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akauliza kama kiwango changu ndicho hicho nilichokikalia.

Acheke. Nina mpango. Jumapili mheshimiwa, mbunge wetu, anakuja nyumbani Oyugis kwa harambee ya paa la kanisa la Mama. Kwenye kundi letu la WhatsApp, Wadeni Bila Woga, wote wanakubaliana kwamba kiongozi husamehe chochote ukimwaibisha vizuri mbele ya kamera. Nitasimama mbele yake na joho la mahafali, kofia na bango. Nitadai nifutiwe mkopo papo hapo. Deni likishaondoka, nani ataniletea habari za chuma?

Jumanne, 10 Februari.

Nimempigia Mama aniwekee joho tayari.

Hapa lazima nieleze. Nilipohitimu mwaka wa 2019, Mama alichapisha kalenda yenye picha yangu nimevaa joho, akaigawa Oyugis nzima. Mwaka uliisha, kalenda haikushuka. Iko kwenye kinu cha posho, iko saluni, iko duka la dawa. Tarehe zake hazimsaidii mtu yeyote lakini sura yangu wanaijua wote. Joho lenyewe lilikuwa la kukodi. Sikulirudisha. Nililiona kama sehemu ya elimu yangu.

Mama akasema joho lipo, ila si moja tena. Yamekuwa matatu. Watoto wa chekechea walihitimu Novemba, mwalimu wao hakuwa na majoho ya kutosha, Mama akalipeleka la kwangu kwa fundi wa nguo likakatwa. Alisema kwa furaha kwamba sasa joho linafanya kazi kila mwaka. Sikupenda alivyotamka neno "linafanya."

Kofia imebaki. Anafunikia redio.

Sijakata tamaa. Dada Mellen ana joho la kwaya, la zambarau. Alikataa. Nikamwambia ni kwa kazi ya kanisa. Si uongo, paa ni la kanisa. Akanipa, na onyo juu yake.

Jumatano, 11 Februari.

Mazoezi, steji ya Migori. Nilivaa zambarau, nikainua bango: NINA SHAHADA, SINA KAZI, FUTENI MKOPO.

Hakuna aliyesoma! Waliona joho tu. Mama mmoja muuza omena akaweka beseni chini, akatia sarafu mfukoni mwangu, akapiga magoti. "Nyathina, mwanangu, niombee," akasema. Ana binti Kidato cha Nne, anataka aingie chuo kikuu. Ningefanya nini? Nikaomba. Niliomba apate chuo kizuri, na kimoyomoyo nikaongeza asikope. Nilipofungua macho kulikuwa na foleni.

Hapo akatokea Mayaka, mhubiri mwenye kona ile, na kipaza sauti chake begani. Aliniambia kona hiyo ni yake tangu stendi ikiwa vumbi, na kama nimeitwa, basi nikaitiwe Rongo. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi si mhubiri, mimi ni mdeni. Akainua kipaza sauti akatangaza kwamba sote ni wadeni. Watu wakasema amina. Mahubiri yakaanzia hapo, na mimi nikiwa mfano.

Sarafu nilizopewa alichukua nusu. Kodi ya kona, alisema.

Alhamisi, 12 Februari.

Bango linalegea. Linahitaji mguu wa chuma. Ikabidi niende karakana, mahali nilipoapa sitakanyaga, lakini kama mteja. Mteja ni mfalme hata akiwa hana pesa.

Oyaro hakuwepo. Alikuwepo Scovia. Tulikuwa darasa moja shule ya msingi, nilikuwa namwachia anakili hesabu zangu. Aliishia Kidato cha Nne na alama ambazo kwa hisani yangu siziandiki hapa. Sasa anachomelea vyuma kwa Oyaro na ana pikipiki yenye jina lake mbele na nyuma. Huniita Profesa. Kujisifu kwake hakuna mfano! Geti alilomtengenezea jirani linafunguka upande mmoja tu, na yeye anasema ndio mtindo wa sasa.

Alinitengenezea mguu mzito kama jiko la shule. Nikamwambia aandike, nitalipa. Akauliza, mbele ya wateja wote, kama hilo deni nalo mheshimiwa ataliangalia. Karakana nzima ikacheka. Nikasimama wima nikamwambia chuma hushika kutu lakini elimu haiishi. Akasema hata mkopo hauishi, omera, ndugu yangu, si unaona?

Nikabeba mguu wangu wa chuma mpaka nyumbani. Jibu zuri sana nimelipata sasa hivi, lakini karakana imefungwa.

Jumamosi, 14 Februari.

Sabato. Dada Mellen amesema leo hakuna mipango. Lakini pasta amehubiri juu ya kusamehewa madeni! Neno kwa neno, kama aliyetumwa kwangu! Nilisema amina kwa sauti, peke yangu, zaidi ya mara moja. Dada alinifinya. Oyaro alikuwa amesinzia, na watu wa aina yake ndivyo wanavyopitwa na ishara.

Baada ya ibada Oyaro alinikumbusha kwamba kesho ndiyo mwisho wa kujibu. Nilimwambia kesho atajua mimi ni nani.

Jumapili, 15 Februari. Oyugis.

Acha niandike yote.

Nilifika asubuhi nimebebwa na Scovia kwa pikipiki yake, bango na mguu wake wa chuma kwa mapaja. Alijitolea mwenyewe. Alisema jambo kama hili hawezi kungoja kuhadithiwa. Nilikuwa na joho la zambarau na kofia halisi ya mahafali, yenye alama ya redio katikati.

Nikaenda mbele kabisa ili kamera inione. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mtu yeyote aliyezaliwa huku anajua kwamba kwenye harambee mbele ni kwa wanaotoa! Najua hata mimi. Nilisahau kwa sababu ya mpango. Wazee wa kanisa waliona joho na kofia, wakanishika mkono kwa heshima, wakanikalisha meza kuu kati ya pasta na mheshimiwa. Bango walilipokea vizuri sana, wakaliegemeza nyuma ya hema, maandishi yakitazama ukuta. Mguu wa chuma wa Scovia wakautumia kusimamishia spika.

Soda ya baridi. Keki. Mheshimiwa akaniuliza niko idara gani. Nikasema ya fedha. Ni kweli, hesabu ya fedha ndiyo inayonitesa.

Kisha msimamizi wa harambee akashika kipaza sauti. Akapiga kelele kwamba leo tunaye yule ambaye tumemwona ukutani miaka yote hii! Msomi wetu! Mtoto wa mama yetu Phelesia! Asimame atuambie amekuja na nini!

Vigelegele. Nikapewa kipaza sauti. Ndiyo nafasi yenyewe! Kamera hii hapa, mheshimiwa huyu hapa. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, inaanza na neno "Dhuluma." Nikafungua mdomo.

Nikamwona Mama. Alikuwa mstari wa tatu na kalenda yake mikononi, ameibandua ukutani akaja nayo. Analia na kuwaonyesha majirani: huyu, si ndiye huyu! Miaka yote wanamuuliza nafanya kazi wapi, na miaka yote anawajibu "Migori," kana kwamba Migori ni kazi. Nyuma yake, Scovia amekaa kwenye pikipiki, mikono kifuani, anangoja.

Ningesemaje mbele ya Mama kwamba nimekuja kuomba? Mdomo ukaamua wenyewe. Ukasema elfu hamsini. Ahadi!

Hema lilipasuka kwa kelele. Pasta alinikumbatia. Mheshimiwa akanyakua kipaza sauti akasema wale vijana wanaolia kila siku wafutiwe mikopo waje wamwone mwenzao, alikopa, akasoma, leo anajengea Mungu nyumba. Akasema habari ya kufuta mikopo sasa ifungwe. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga! Mikono yangu mwenyewe, dhidi ya mpango wangu mwenyewe!

Mheshimiwa pia alitoa ahadi kubwa, kisha akaondoka kabla ya mweka hazina, Bi Gesare, kumfikia. Mimi alinifikia. Akauliza lini. Nikasema mwisho wa mwezi. Akaandika, na kwenye nafasi ya mdhamini akaandika jina la Mama. Mama alishukuru kwa kuandikwa.

Jioni, tukila, Mama akauliza polepole kama hiyo pesa ninayo. Nikamwambia kuna mambo yanaiva. Akasema, "Sawa, baba." Kisha akasema yasipoiva, yule mbuzi wa maziwa bado ana bei. Hilo liliniuma. Nasema kweli, liliniuma, na wali ulinishinda.

Oyaro akapiga simu. Habari zilishafika Migori, Scovia ana mdomo wenye injini. Hakucheka, na hilo likanitisha. Alisema amezungumza na Bi Gesare. Vyuma vya paa hilo ni yeye atakayevichomelea. Nikiingia karakana kesho, kanisa litakubali nilipe ahadi kwa mikono yangu, Mama asiuze kitu. Akauliza mara ya mwisho: unakuja au huji?

Nikamwambia nampa jibu asubuhi, msomi hakurupuki.

Jumatatu, 16 Februari. Migori.

Nimekubali!

Hakuna aliyetarajia, lakini mimi ni mtu wa kubadilika nikiona ukweli. Ufundi ndio mpango mzima! Oyaro ana nyumba, Scovia ana pikipiki, mimi nina kofia. Nilirudi Migori na gari la kwanza nikawatangazia. Dada Mellen alitokwa na machozi. Oyaro akanipa glavu na miwani nyeusi, akasema karibu nyumbani. Scovia mwenyewe alinisogezea kiti.

Nikavaa miwani. Na ndani ya giza lile nikaanza kuwaza vizuri.

Hivi mwenye shahada aingie ufundi kwa mlango wa nyuma? Ajifunze kando ya barabara, bure, bila cheti, chini ya Scovia? Kitu cha bure kitakuwa na thamani gani? Katu! Kama ni chuma, nitakisomea. Nikavua glavu nikaenda saiba, kwenye duka la intaneti. Kuna chuo upande wa Homa Bay chenye stashahada ya uchomeleaji, miaka miwili, na karo wanakukopesha wenyewe. Nimeomba. Fomu iliuliza kama nina deni lingine la masomo. Nimejibu hapana, kwa kuwa liko mbioni kufutwa.

Nilirudi karakana saa saba niwape habari. Nafasi yangu ilishachukuliwa. Mama! Aliposikia nimeondoka, alipanda gari akaja na kitenge chake cha kazi, amevaa miwani yangu, ameshika brashi, anapaka geti la shule rangi ya kuzuia kutu. Scovia anamwelekeza, tena kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuiona. Kila geti litahesabiwa kwenye ahadi. Mbuzi amepona.

Nilimweleza Mama kila kitu, chuo, stashahada, mkopo. Nikamwomba joho la safari hii asilikate. Hakuacha kupaka. Aliuliza tu kalenda itakuwa ya mwaka gani. Nikamwambia 2028, aache nafasi ukutani, na avumilie miaka miwili, nikihitimu nitakuja kumtoa hapo.

Mama akachovya brashi, akahamia upande wa pili wa geti.