Picha ya Mzee Antipasi Mlimani Saranda

Jumatatu, 8 Julai 1968

Baridi ya kukata masikio. Nimevaa makoti mawili, moja langu, moja la duka la ushirika ninakouza, ambalo bado halijapata mnunuzi. Alfajiri nimepanda mlimani na kamera ya boksi niliyoachiwa na padri alipohama. Nia: kuipiga picha treni ya asubuhi ikikata kona ya juu, na Mzee Antipasi dirishani mwa injini. Mzee anaendesha mara ya mwisho Jumamosi, kisha anastaafu. Nitampa picha hiyo, na akiwa bado anatabasamu nitalitaja jina la binti yake, Febronia. Mpango hauna tundu.

Nimejifunza mengi nikingoja. Reli huanza kulia kabla treni haijaonekana. Na moshi wa wakati wa baridi ni mweupe, mzito, unabaki umelala juu ya vichaka hata mabehewa yakishapita. Kwa nini? Nimemwuliza mchunga mbuzi. Kasema hata mbuzi hutoa moshi asubuhi. Nimeliweka akilini.

Treni ikaja, inahema. Mzee Antipasi kichwa nje. Sasa, mtu unayetaka akuoze binti hasalimiwi ukiwa umeinamia boksi. Nikaweka kamera chini, nikavua kofia, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza mama anaendeleaje. Akauliza ng'ombe. Akauliza mtama. Pale mlimani treni inakwenda taratibu, mazungumzo yanatosha kabisa. Nilipookota kamera lilikuwa limebaki behewa la gadi, la mwisho kabisa. Nimepiga picha behewa la gadi.

Jumatano, 10 Julai

Akili mpya. Salamu ziishie stesheni, mlimani iwe kazi tu. Nimemwahi Mzee injini ikijazwa maji. Shikamoo, marahaba, mama, ng'ombe, mtama, yote. Kisha nikakimbilia njia ya mkato ya mbuzi. Nilitegemea treni itachelewa kuondoka. Haikuchelewa. Nimefika kona ya juu pumzi zimeniishia, nikakuta moshi umelala vichakani. Nimepiga picha moshi. Ni mzuri, sikatai.

Leonidas, mshika bendera wa stesheni, amenicheka mbele ya Febronia. Yeye Mnyiramba wa Kinyangiri, mimi Mnyaturu wa Mwankoko, ni watani, kwa hiyo hairuhusiwi kukasirika. Kasema Mnyaturu akiona treni hudhani ni ng'ombe wake aliyepotea, huifuata mkia. Febronia naye akacheka. Sikukasirika. Nimekwenda kukasirikia nyumbani.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepata. Salamu iandikwe! Mzee asome, mimi nibaki na boksi langu. Nimechukua kitambaa kipana dukani, nikaandika SHIKAMOO MZEE kwa chokaa, herufi za kusomeka toka mbali. Kulikuwa na kitambaa cheupe na chekundu. Chokaa haionekani kwenye cheupe. Mtu anayefikiri huona mambo kama haya mapema.

Leonidas kapita nikikianika, kaona upande wa nyuma tu, usio na maandishi, akauliza nitakitundika wapi. Nikasema ni siri. Akasema kama ni karibu na reli, nimwambie kwanza. Wivu huo.

Jumamosi, 13 Julai

Nilikifunga kati ya miti miwili pale konani. Jua likachomoza. Injini ikatokea na moshi wake mweupe, nikainamia boksi, nikabana pumzi. Breki zikalia mlima mzima.

Kumbe dereva akiona chekundu kando ya reli hasomi. Anasimama. Na treni ikisimama pale haiwezi kuanza tena kupanda, ni lazima irudi kinyumenyume hadi stesheni ikakusanye nguvu. Abiria wakashuka wamejifunika mablanketi. Mzee Antipasi akateremka, akaniuliza reli imekatika wapi. Nikasema haijakatika, nilikuwa nakuamkia. Akasema miaka yake yote hajawahi kusimamishwa mlimani, na leo ndiyo siku ya mwisho. Nimeona haya ya kweli. Hata marahaba hakuitikia, na shikamoo yangu ilikuwa imeandikwa kubwa.

Leonidas ndiye aliyepanda mbio na bendera zake, nyekundu ya kusimamisha na kijani ya kuruhusu, kuisaidia treni kurudi salama. Walipofika chini Mzee akampigapiga begani. Febronia alikuwa stesheni, akaliona hilo.

Katika fujo ile kidole changu kilibonyeza chenyewe, mara moja.

Jumamosi, 27 Julai

Picha zimerudi kutoka Dodoma. Behewa la gadi limepinda. Moshi umetoka kama hakuna kitu. Lakini ile ya mwisho ni safi: injini nzima, moshi mweupe umesimama wima juu yake, na Mzee ngazini ananinyooshea kidole.

Nimempelekea kwa woga. Kaishika kwa mikono miwili, kaitazama mpaka chai ikapoa. Akasema miaka yote hiyo alikuwa ndani, hajawahi kuiona injini yake ikiwa mlimani. Alidhani ni ndogo zaidi. Akauliza kwa nini moshi ni mweupe vile. Nikamweleza habari za mbuzi. Amenisamehe.

Nikafungua mdomo nilitaje jina la Febronia. Akaniwahi. Kwa kuwa najua kupiga picha, basi nipige za harusi ya Febronia na Leonidas, mwezi wa tisa.

Nimekubali. Imeniuma, na nimekwenda kukaa relini hadi jioni. Lakini nimefikiri. Baada ya harusi wataondoka na treni ya asubuhi, bibi harusi dirishani, na treni inapita pale konani taratibu kabisa. Nitaandika FEBRONIA FIKIRI TENA, asome huku nampiga picha. Kosa la mara ile lilikuwa rangi tu. Dukani kipo kitambaa cha kijani, na chokaa inaonekana vizuri.