Shitou Lazima Aseme Mama

Jumanne, tarehe 1 Oktoba

Sikukuu ya Taifa. Baba na Mama wamefika mchana kutoka Dongguan, wanakofanya kazi katika kiwanda cha viatu. Treni ilijaa. Wamesimama nusu ya safari.

Sikukuu mbili za Mwaka Mpya zimepita bila wao, kwa sababu kiwanda hakikufunga. Mara ya mwisho walipokuja, mdogo wangu Shitou alikuwa hajui kusema. Sasa anakaribia miaka minne na hanyamazi.

Bibi alimsukuma mbele pale mlangoni, akamwambia awaamkie na kuwaita kwa heshima. Kwetu mtoto asiyewaita wakubwa inavyostahili ni aibu ya nyumba nzima. Kazi ya kumfundisha Shitou niliifanya mimi. Mwanamume akiingia uani ni Mjomba. Mwanamke mwenye mkoba ni Shangazi. Majirani wote humsifu.

Shitou akabana visigino. Akamtazama Mama na mkoba wake. Akasema, kwa sauti safi kabisa, "Shangazi, shikamoo. Karibu ukae."

Hakuna aliyecheka. Mama akasema asante. Akakaa.

Baba naye akaitwa Mjomba, lakini alikuwa na katapila la plastiki ndani ya begi, lenye taa. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshaitwa Baba mara nyingi mno. Alitembea uani kama jogoo. Alimwambia Mama asijali, watoto ndivyo walivyo. Mama akajibu kwamba hajali, akaenda kupukuchua mahindi. Alipukuchua mpaka kikapu kikafurika, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Wanaondoka Jumapili. Nimeamua. Kabla ya Jumapili Shitou lazima amwite Mama. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha masomo darasani, nimemfundisha mwenzangu Liu Kai kugawanya sehemu. Hili haliwezi kunishinda.

Jumatano, tarehe 2 Oktoba

Somo la kwanza. Vifaa: picha ya harusi ya Baba na Mama, na peremende za maziwa. Nikionyesha uso wa Mama, Shitou anasema Mama, anapata peremende. Tulifanya nyuma ya nyumba ili Mama asituone. Matokeo mazuri sana. Baadaye hata picha hakuitazama tena, alinyoosha mkono tu na kusema Mama.

Hapo ndipo nilipopaswa kuwa na wasiwasi.

Jioni Mama alimpeleka dukani kwa Bi Kou, nami nikaandamana nao kushuhudia ushindi. Shitou aliona mtungi wa peremende juu ya meza ya duka. Akamtazama Bi Kou machoni. Akanyoosha mkono, akasema, "Mama."

Bi Kou alicheka mpaka akashika meza. Alisema loo, leo nimepata mwana bila uchungu. Halafu akamwona Mama amesimama pale na pochi mkononi, akaanza kupanga viberiti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Mama alinunua peremende. Njiani aliniuliza kama shule inakwenda vizuri. Nikasema inakwenda vizuri.

Alhamisi, tarehe 3 Oktoba

Nimeacha peremende. Nimetumia ukweli. Nilimketisha Shitou juu ya gunia na kumweleza kwamba yule Shangazi anayelala chumba cha mashariki ndiye Mama.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Akasema Mama yuko kwenye simu. Mama ni mdogo hivi. Alinionyesha kwa vidole. Tena Mama hana miguu, na Shangazi anayo miwili, ameiona mwenyewe.

Kila Jumapili huwa wanazungumza kwa simu ya video, na kweli miguu haionekani.

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage karibu, aliniambia nimwache mtoto. Alisema tikiti likichumwa kwa kusokotwa kabla halijaiva haliwi tamu. Bibi ni mtu mwema lakini hajasomea malezi.

Baba ametangaza kwamba kesho tunakwenda Xi'an, sote watano, kupanda ukuta wa mji wa kale. Mama amezaliwa mwendo wa saa mbili tu kutoka pale na hajawahi kuupanda. Nilikubali haraka. Nyumbani Shitou ana Bibi, ana mimi, ana Baba na katapila. Hana haja na mtu mwingine. Ukutani itakuwa tofauti. Mtoto akibaki na mtu mmoja tu, atamwita huyo huyo. Ni hesabu ya kutoa.

Ijumaa, tarehe 4 Oktoba

Tulitoka alfajiri. Basi la kwanza, kisha basi la pili. Bibi alibeba mayai ya kuchemsha, mikate ya mvuke na chupa ya chai, kwa sababu anaamini mjini hakuna chakula.

Watu walikuwa wengi kama milima na bahari. Langoni hatukutembea, tulisukumwa. Juu ya ukuta kuna njia pana ya mawe, watu wanapita kwa baiskeli za kukodi, na bendera nyekundu kila upande. Baba alitaka picha mbele ya kila bendera. Mpiga picha alikuwa mimi. Kila mara Baba alimweka Shitou begani, na Mama alisimama pembeni akiwa ameshika maji ya kila mtu. Nilimwambia Baba amshushe Shitou ashikwe na Mama. Shitou alisema hataki, Shangazi ana mikono baridi. Baba akamwambia Mama ajipake mafuta ya mikono, akacheka peke yake.

Mama alificha mikono mifukoni. Nimeviona vidole vyake. Vina nyufa za gundi ya viatu.

Nilitekeleza mpango baada ya mayai. Kwanza nilimpeleka Baba kwenye foleni ya baiskeli, nikijua itamchukua muda mrefu. Pili nilimwambia Bibi kwamba choo hakiko mbali. Bibi hakatai choo. Tatu, nilimwambia Shitou akae na Shangazi, nami nikaingia nyuma ya mnara wa walinzi wa kale na kuchungulia.

Mambo yalianza vizuri. Mama alichuchumaa, akammenyea chungwa. Shitou akala. Niliona midomo yake ikisema kitu, nikasogea ili nisikie. Alikuwa akimsimulia Shangazi habari za mama yake. Kwamba mama yake anatengeneza viatu vya dunia nzima. Kwamba atakuja Shitou akimaliza kula mboga zake. Mama aliuliza kama yeye Shitou anakula mboga. Akajibu anakula zote, ila mama bado hajaja, labda anahesabu vibaya.

Mama aligeuka upande wa bendera. Aligeuka kwa muda mfupi tu. Wakati huo huo Shitou alikumbuka kwamba mimi sipo. Aliita Dada, akakimbia. Kikundi cha watalii wenye kofia za njano kikapita katikati yetu, na kilipokwisha kupita Shitou hakuwepo.

Sitaandika sana juu ya muda uliofuata. Mama aliita Shitou, Shitou, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Aliwashika watu mikono. Aliangalia chini ukingoni mwa ukuta, na mimi sikuweza kuangalia. Bibi alirudi kutoka chooni, akasikia, akakaa chini palepale kwenye mawe. Baba alikuja na baiskeli ya watu wawili, akaiacha ianguke. Nilisimama katikati yao na maganda ya chungwa mkononi. Sijui niliyaokota saa ngapi.

Halafu simu ya Mama ikalia. Namba ngeni. Kwa haraka akabonyeza kipaza sauti bila kukusudia, sote tukasikia.

Alikuwa Shitou. Alisema, "Mama, nimepotea."

Nyuma yake mlinzi wa ukuta alikuwa akimwambia aeleze alipo. Lakini Shitou alikuwa na jambo zito zaidi. Alisema, "Mama, kulikuwa na Shangazi mmoja. Alikuwa na mimi. Na yeye amepotea. Njoo umtafute, ana mikono baridi."

Naomba ikumbukwe kwamba namba ya Mama nilimfundisha mimi, kwa wimbo, majira ya baridi yaliyopita.

Mama hakukata simu. Alianza kutembea, simu sikioni, akipenya kwenye watu, akisema nakuja, usisogee, Mama anakuja, Shangazi yupo salama, Mama amempata. Sisi tulimfuata. Mlinzi alikuwa amemkalisha Shitou juu ya kiti nje ya kibanda chake na kumpa simu yake aishike. Tulimwona kabla hajatuona. Alikuwa akisikiliza kwa makini, kichwa upande.

Kisha Mama akawa karibu sana. Sauti ikatoka kwenye simu, na ikatoka pia hewani. Shitou akaitazama simu. Akamtazama Shangazi. Akaitazama tena simu. Mama alikuwa bado anaongea kwenye simu yake, akiwa hatua moja tu kutoka kwake, kama hajui namna ya kuacha.

Shitou akamkagua Mama mwili mzima, mpaka chini kwenye viatu.

"Mama," akasema, "umetoka?"

Mama akasema ndiyo. Ametoka.

Mlinzi alitukaripia kama watoto wa shule, kwamba siku ya watu wengi mtoto anashikwa mkono, haachwi kama mwavuli. Baba alisema ndiyo kaka, ndiyo kaka. Hakuna aliyeuliza mimi nilikuwa wapi. Tulikula tambi pana kama mshipi katika kibanda karibu na lango la kusini, na Shitou alikula mapajani kwa Mama, ameng'ang'ania vidole vyake vyenye nyufa.

Mpango umefaulu. Si kwa njia niliyoichora, lakini mwalimu wa hesabu husema jibu sahihi ni jibu sahihi.

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba

Shitou anamfuata Mama mpaka mlango wa choo, na akiwa nje anaita Mama ili kuhakikisha. Mama anaitika kila mara. Baba amenuna. Amelitia katapila betri mpya, na limeachwa chini ya meza. Nilimwambia asijali, watoto ndivyo walivyo.

Mchana nilimsaidia Bibi kuanika mahindi. Nilimweleza jinsi mpango wangu ulivyofaulu. Bibi alisikiliza. Halafu akauliza, na wewe je?

Nikamuuliza na mimi nini.

Alisema amenisikiliza tangu Jumanne. Chakula tayari. Maji yamechemka. Taulo lipo pale. Alisema ninamsemesha mama yangu kama kipaza sauti cha stesheni kinavyosemesha abiria. Bado hajanisikia nikimwita.

Nilimjibu kwamba nina miaka kumi na miwili. Mama ananijua, nami namjua, na miguu yake nimewahi kuiona. Mwenye tatizo alikuwa Shitou.

Bibi akasema haya. Ni ile haya yake ambayo si haya.

Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Wameondoka. Basi la saa nne, pale barabarani.

Shitou nilimwandaa tangu asubuhi. Alisema "Mama, safari njema" bila kosa hata moja, na alilia tu mwishoni. Mama alimbusu, akamkabidhi kwa Bibi, akaja kusimama mbele yangu. Alininyooshea ukosi wa shati, ingawa ulikuwa umenyooka. Aliuliza kama nina neno lolote la kumwambia.

Nilikuwa nalo. Nilimwambia siku ya leo stesheni inajaa mapema, kwa hiyo wasichelewe kupita ukaguzi wa mizigo. Aliendelea kusimama. Nikaongeza kwamba mayai yako mfuko wa pembeni. Dereva akapiga honi. Baba akaita. Mama akasema nimekuwa mtoto mwema sana, akapanda.

Basi lilipoanza kusogea nilimgusa Shitou mgongoni, naye akaita Mama kwa nguvu hata wanawake wengine ndani ya basi wakageuka. Mama alichungulia dirishani. Cha ajabu, alikuwa akinitazama mimi. Pengine jua lilikuwa machoni mwake.

Jioni walipiga simu ya video kutoka kwenye treni. Tatizo jipya. Shitou hataki kuzungumza na simu. Aliigeuza, akatazama nyuma yake, akasema huyu si Mama, huyu ni mdogo, hana miguu. Akaenda kukaa mlangoni.

Itabidi kuanza upya. Kesho nitatengeneza mpango wa kumrudisha kwenye simu, labda kwa picha ya viatu iliyobandikwa chini ya kioo cha simu. Nilimkamata nikamrudisha mezani, mbele ya simu. Mama alisema kwenye simu kwamba asilazimishwe, yeye anataka kuzungumza na mimi.

Nilimwambia asubiri kidogo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kichwa cha Shitou.